Vitabu vya Kanisa la Asumbi na Nasaba Zetu

Kila mtu ana nasaba, lakini si kila mtu anaijua. Wengi wetu twaweza kumtaja baba na babu bila kusita. Tukiulizwa baba wa babu, ulimi huanza kuwa mzito. Na tukiulizwa mama wa bibi, yaani jina lake, ukoo aliotoka na mwaka aliozaliwa, aghalabu twanyamaza kabisa. Sababu si kwamba watu hao hawakuishi. Waliishi, walilima, walioa na kuolewa, walizika watoto na kulea wengine, na damu yao ndiyo itembeayo katika mishipa yetu. Sababu ni kwamba habari zao hazikuandikwa, au ziliandikwa na sisi hatuujui mlango wa kuziendea. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nasaba nayo ni mali, tena ni mali isiyoweza kununuliwa upya ikipotea. Nia ya insha hii ni kueleza juu ya daftari moja lililoihifadhi sehemu ya mali hiyo, yaani daftari la kanisa. Kuonyesha jinsi lilivyoandikwa, jinsi liombwavyo na lisomwavyo, na jambo ambalo halina uwezo wa kutuambia.

Kwanza yafaa tujiulize kwa nini tuende kanisani badala ya kwenda serikalini. Katika Kenya ya wakoloni, serikali haikuwa na haja kubwa ya kujua mtoto wa Kiafrika amezaliwa lini. Sheria za kuandikisha vizazi na vifo zilikuwako, walakini kwa Waafrika walio wengi uandikishaji haukuwa wa lazima mpaka mwaka 1963, tena ulienea hatua kwa hatua hata ukaifikia nchi nzima mwaka 1971. Kabla ya hapo serikali ilihesabu vibanda ili itoze kodi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawavisha wanaume wazima kipande, ili ijue nani anafanya kazi kwa nani. Mwanamke hakuvaa kipande. Mtoto hakulipa kodi. Basi mtu akitafuta katika karatasi za serikali habari za msichana aliyezaliwa mwaka 1925 katika vilima vya Rangwe, yaelekea atarudi mikono mitupu. Katika daftari la ubatizo, lakini, msichana aliandikwa katika mstari ulio sawa na wa ndugu yake mwanamume, na mama yao aliandikwa kando ya baba yao. Hiyo ni faida ya kwanza ya vitabu vya kanisa, nayo si ndogo.

Asumbi iko katika eneo la Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, katika nchi ya Wajaluo wa kusini mwa Ziwa Viktoria, si mbali na mpaka wa Wakisii. Watu wengi wa Kenya walijua jina hilo kwa sababu ya chuo chake cha ualimu na shule zake. Mzizi wa vyote hivyo ni misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa katika miaka ya 1910 na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Yosefu la Mill Hill. Shirika hilo lilianzishwa Uingereza na Herbert Vaughan mwaka 1866, na mapadri wake wa kwanza waliwasili Uganda mwaka 1895. Kutoka huko walisonga mashariki: Kisumu mwaka 1903, Mumias mwaka 1904, Nyabururu katika nchi ya Wakisii mwaka 1911, kisha Asumbi. Wengi wao hawakuwa Waingereza. Walikuwamo Waholanzi, Waayalandi na watu wa Tyrol katika Austria. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana lugha ya padri ina mkono katika namna alivyoyaandika majina ya babu zetu.

Kwa nini mapadri hao, waliokuwa na kazi nyingi za kujenga, kufundisha na kuuguza, walitoa saa zao kuandika majina kitabuni? Hawakufanya hivyo kwa ajili ya wanahistoria. Walitii amri ya kale. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kila paroko awe na kitabu cha ndoa, na ayaandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Kusudi lilikuwa kuzuia ndoa za siri, na kuzuia watu wasiooana kwa sheria ya undugu wasije wakaoana kwa kutojua. Mwaka 1614 Roma ilitoa kitabu cha ibada chenye mifano ya jinsi ya kuandika habari hizo. Mwaka 1907 ikatolewa amri nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 1908, kwamba ndoa ya mtu iandikwe pia kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Hatimaye, mwaka 1917, Kanisa likazikusanya sheria zake katika kitabu kimoja, na humo paroko akaagizwa awe na vitabu vya waliobatizwa, waliopewa kipaimara, waliooana na waliokufa. Tena kila mwisho wa mwaka apeleke nakala kwa askofu. Hivyo sheria iliyotungwa katika mji wa milima ya Alpi, kwa ajili ya matatizo ya ndoa za Ulaya, ndiyo iliyosababisha jina la mtoto wa Kijaluo kuandikwa kwa wino karibu na Homa Bay baada ya miaka mia tatu na hamsini. Historia ina njia zake za kuzunguka.

Sasa tuutazame mstari mmoja wa daftari kama hilo. Kwa kawaida una namba, tarehe ya ubatizo, jina la ubatizo, jina la kienyeji, jina la baba na la mama, kijiji au kigango, jina la msimamizi, na sahihi ya padri. Katika zama zile lugha ya vitabu hivyo ilikuwa Kilatini. Mwanafunzi asiogope, maneno yenyewe ni machache, na yanarudiwarudiwa. Filius ni mwana wa kiume, filia ni wa kike. Patrinus ni msimamizi wa kiume, matrina ni wa kike. Natus maana yake amezaliwa, na circa maana yake yapata au karibu. Neno hili la mwisho ni dogo, lakini lina uzito mkubwa. Mtu mzima aliyebatizwa baada ya mafundisho ya muda mrefu hakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kumpa padri. Padri alimtazama uso na kimo, akakadiria miaka, akaandika circa. Anayeliruka neno hilo na kuuchukua mwaka kana kwamba ni hakika amejidanganya mwenyewe. Tarehe ya ubatizo ndiyo ya hakika. Tarehe ya kuzaliwa yaweza kuwa makisio tu. Kwa mtoto mchanga tarehe hizo mbili hukaribiana. Kwa mtu mzima zaweza kuachana kwa miaka ishirini au thelathini.

Kuna mtego mwingine wa tarehe. Waandishi wengine wa zamani walifupisha majina ya miezi kwa tarakimu: 7bris, 8bris, 9bris na 10bris. Msomaji wa leo akiona 10bris hudhani ni mwezi wa kumi. La hasha. Ni Desemba, kwa maana katika Kilatini neno decem ni kumi, na Warumi wa kale walianza kuhesabu miezi yao Machi. Kwa njia hiyo hiyo 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, na 9bris ni Novemba. Kosa la namna hii laweza kumfanya mtoto azaliwe miezi miwili kabla ya siku yake, na kumwacha mtafiti akishangaa kwa nini hesabu zake hazipatani.

Pambizo ya ukurasa ina thamani kuliko ukurasa wenyewe. Kwa kuwa sheria iliagiza ndoa iandikwe kando ya jina la ubatizo, paroko wa mahali alipooa mtu alipaswa kupeleka habari katika parokia alikobatizwa. Vivyo hivyo kwa kipaimara, kwa upadri, na kwa nadhiri za daima za watawa. Asumbi ndiyo nyumba ya masista wenyeji wa Shirika la Wafransiskani wa Mtakatifu Yosefu, na msichana aliyeingia katika shirika la namna hiyo hupata maneno machache kando ya jina alilopewa siku ya ubatizo wake. Kwa sababu hiyo mtu anayetaka kufunga ndoa hata leo huambiwa alete cheti kipya cha ubatizo, wala si kile cha zamani kilichokunjwa sandukuni. Cheti kipya huonyesha kama pambizoni kuna jambo limeongezwa. Basi mtafiti akiona pambizoni jina la mke na la parokia ya mbali, ajue ameshika uzi. Aufuate, nao utamfikisha katika daftari la pili, na huko atakuta majina ya wazazi wa mke, ambayo pengine nyumbani yalikwisha sahauliwa.

Majina yenyewe yataka subira. Kijaluo kina sauti ambazo Mholanzi au Mwingereza hakuzizoea. Ng' ya mwisho katika Ochieng' iliweza kuandikwa n tu, au ng bila alama yake. Mholanzi, ambaye kwao sauti ya u huandikwa oe na sauti ya y huandikwa j, aliweza kuufuata mkono wake wa utotoni bila kujua. Kwa hiyo mtu asitafute jina kama liandikwavyo katika kitambulisho chake. Alitafute kama lisikikavyo katika sikio la mgeni. Na alisome kwa sauti. Mara nyingi jicho hukataa jina ambalo sikio lalitambua mara moja.

Walakini jina la Kijaluo lina ushahidi wake ambao padri hakuutia kitabuni. Mtoto wa kiume aliyezaliwa asubuhi huitwa Okinyi, wa jua la mchana Ochieng', wa jioni Odhiambo, wa usiku Otieno. Na wa kike ni Akinyi, Achieng', Adhiambo na Atieno. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo, na mtoto afuataye mapacha ni Okello au Akello. Tazama jinsi jina moja linavyoweza kufungua jambo. Mtafiti akimkuta kitabuni Akello, na nyumbani haikusemwa kamwe habari ya mapacha, ana haki ya kujiuliza: mapacha hao wako wapi? Huenda walikufa wakiwa wachanga, huenda hawakubatizwa, na mama yao akabeba msiba wake kimya. Daftari halikuwataja, lakini jina la mdogo wao limewashuhudia. Hata hivyo jina lichukuliwe kama dalili, si kama hukumu, kwa sababu watoto wengine walirithi jina la mzee aliyetangulia, wala halihusu saa yao ya kuzaliwa.

Baada ya kujua daftari lilivyoandikwa, tutafute mahali lilipo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa mipaka ilibadilika mara nyingi huku watu wakikaa pale pale. Kwa upande wa serikali, nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902, kisha ikahamishiwa himaya ya Afrika ya Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wilaya iliitwa South Kavirondo, baadaye South Nyanza. Leo tuna kaunti za Homa Bay na Migori. Kwa upande wa Kanisa, Asumbi ilianza chini ya Vikarieti ya Upper Nile, iliyokuwa na makao yake Nsambya, Kampala. Mwaka 1925 ikafanywa Prefektura ya Kavirondo chini ya Gorgonius Brandsma, Mholanzi. Mwaka 1932 ikaitwa Vikarieti ya Kisumu, na mwaka 1953 Jimbo la Kisumu. Mwaka 1960 likazaliwa Jimbo la Kisii, na askofu wake wa kwanza akawa Maurice Otunga, ambaye mwaka 1973 alifanywa kardinali. Mwaka 1993 likazaliwa Jimbo la Homa Bay, nalo ndilo lenye kaunti za Homa Bay na Migori hata leo. Kwa hiyo mtu anayetafuta nakala au barua ya mwaka 1928 asiulize Homa Bay peke yake; ajiulize kwanza ni nani aliyekuwa mkuu wa mahali hapo katika mwaka huo. Na parokia zenyewe zilizaa parokia. Misheni kama Mawego na Rapogi zilipojengwa, mistari ya zamani haikukatwa na kuhamishwa. Aliyebatizwa chini ya mama hubaki katika kitabu cha mama, hata kama kigango chake leo ni cha mtoto.

Tena kuna majina ya mahali yanayofanana. Gem iko katika Rangwe, na Gem nyingine, iliyo maarufu zaidi, iko katika Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Bibi aliyeitwa nyar Gem, yaani binti wa Gem, ametoka wapi kati ya hizo mbili? Jina halitoshi, lazima kuuliza ni ukoo gani, na mlima au mto gani ulikuwa karibu na kwao.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba daftari hufuata mahali mtu alipobatizwa, halifuati nyumbani kwao. Mfano mzuri ni Tom Mboya, mwanasiasa mashuhuri wa Kenya aliyeuawa mwaka 1969. Jina lake kamili lilikuwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kiko katika Kaunti ya Homa Bay, lakini yeye alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na Kilimambogo, upande wa Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Wamisionari wa upande huo hawakuwa wa Mill Hill. Walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mtu ambaye familia yake iliishi maisha kama hayo akiyatafuta majina ya jamaa zake Nyanza tu, huenda asiyaone, kisha akasema kwa uchungu kwamba hawakuandikwa. Wajaluo wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya majani ya chai ya Kericho, katika reli, katika bandari ya Mombasa na katika mji wa Nairobi, na watoto wao walibatizwa huko huko. Basi kabla ya kuomba daftari, uliza kwanza babu alifanya kazi wapi.

Na ni lazima kuuliza pia alikuwa wa kanisa gani. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Waanglikana walianzisha Maseno mwaka huo huo. Waadventista hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo tarehe ya ubatizo wao haitusaidii kuukaribia mwaka wa kuzaliwa. Wengine waliingia katika Uislamu, na wengine wengi walibaki katika dini ya wazee wao. Ugumu huu haukuwapata wanyonge peke yao. Baba yake Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, alizaliwa karibu na Kendu Bay. Waandishi wengine wameutaja mwaka wa kuzaliwa kwake kuwa 1934, na wengine 1936. Ikiwa mtu ambaye maisha yake yamechunguzwa na dunia nzima ana miaka miwili ya kuzaliwa, mwanafunzi asione haya kwamba babu yake naye anayo.

Tumefika katika jambo lililo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Kitabu cha ubatizo kiliandikwa ili kijibu swali moja: nani amebatizwa, lini, na kwa mkono wa nani. Hakikuandikwa ili kieleze ukoo mzima. Mwanamume mwenye wake watatu hakuweza kubatizwa mpaka amekubali kuishi na mmoja tu. Wengine walikubali, na wake waliobaki nje ya ndoa ya kanisa wakabaki nje ya kitabu pia. Wengine walikataa, nao wamo kitabuni kama baba za watoto tu, bila jina la mtakatifu mbele ya jina lao. Mjukuu akisoma leo na kumwona mke mmoja, huweza kudhani kwamba wale wawili wengine hawakuwa wake, na kwamba watoto wao si jamaa. Hapo kitabu kilichokusudiwa kuokoa hugeuzwa kuwa kisu cha kuukata ukoo. Penye ugomvi wa ardhi au urithi, kisu hicho huwa kikali sana. Kutokuwamo kitabuni si ushahidi wa kutokuwamo katika ukoo. Ni ushahidi wa kutobatizwa, wala si zaidi.

Hali kadhalika kitabu cha waliokufa kina mapengo. Mjaluo huzikwa nyumbani kwake, si katika uwanja wa kanisa. Na mara nyingi mazishi yalikuwa yamekwisha kabla padri hajapata habari. Kwa upande mwingine, kitabu huwataja watu ambao nyumbani walisahauliwa. Mtoto mgonjwa aliyebatizwa na katekista katika hatari ya kufa, akaishi siku moja, ana mstari wake na namba yake. Wazazi wake hawakumtaja tena. Ndugu zake hawakumjua. Lakini karatasi imemtunza. Mapengo mengine yaweza kutokana na misukosuko. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na katika vurugu za siku hizo misheni ya Nyabururu iliporwa. Nchi iliyopitiwa na vita, mafua makuu ya 1918, mvua na mchwa si lazima iwe na kila ukurasa wake.

Sasa, vitabu hivi huombwaje? Kwa adabu na kwa maandalizi. Vitabu vya parokia si maktaba ya watu wote. Vina siri za watu: mtoto aliyelelewa na wasio wazazi wake, baba asiyetajwa, ndoa iliyovunjwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 humpa mtu haki ya kupata nakala halali ya maandishi yahusuyo hali yake mwenyewe. Haimpi haki ya kufungua kurasa za jirani. Nayo Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huwalinda walio hai. Basi mwombaji amwandikie paroko, ajitambulishe, aeleze uhusiano wake na mtu anayemtafuta na sababu ya kumtafuta. Ataje jina la ubatizo, jina la kienyeji, la baba na la mama, kigango, na miaka kumi ambayo huenda tukio lilitokea ndani yake. Asiende Jumapili baada ya misa na kudai apekuliwe miaka arobaini. Akiruhusiwa kutazama, aoshe mikono, asilambe kidole ili kufungua karatasi, asitie alama, asipige picha bila ruhusa. Anakili mstari mzima kama ulivyo, pamoja na namba yake, ukurasa wake na makosa yake. Masahihisho yake ayaandike kando, si ndani. Na akikosa huko, asikate tamaa: kuna madaftari ya shule, kuna misalaba ya saruji juu ya makaburi ya nyumbani, na kuna Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, zenye taarifa za wakuu wa wilaya wa zamani.

Lakini kabla ya kwenda kwa paroko, mtafiti aanze kwa wazee wake. Daftari lina siku. Mzee ana mtu. Daftari litakwambia kwamba mwanamke fulani alibatizwa tarehe fulani. Bibi yako atakwambia kwamba mwanamke huyo alikuwa fundi wa vyungu, kwamba alitoroka nyumbani ili aende kusoma, na kwamba baba yake alimfuata hata mlango wa kanisa. Mwanahistoria Bethwell Allan Ogot, aliyefariki mwaka 2025, aliandika historia ya Wajaluo wa kusini iliyochapishwa mwaka 1967, na sehemu kubwa ya kazi yake ilijengwa juu ya nasaba na masimulizi ya wazee, wakati ambapo wasomi wengi walidhani kwamba watu wasio na maandishi hawana historia. Hakuwadharau wazee kwa sababu hawana karatasi, wala hakuyapokea maneno yao bila kuyalinganisha. Huo ndio mfano wa kuufuata. Mzee hukosea mwaka. Karatasi hukosea jina. Vikikutanishwa, kila kimoja humsahihisha mwenzake.

Kwa hiyo ewe msomaji, kazi hii haihitaji cheo wala fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari la kurasa mia moja, na moyo wa kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Andika jina lako, kisha la baba na mama, kisha wazazi wao wote wanne, wanaume na wanawake sawasawa. Palipo na pengo, acha nafasi wazi, usijaze kwa kubuni. Nafasi iliyo wazi ni swali, bali jina la uongo ni mlango uliofungwa. Waandike mapacha waliokufa, na mke wa tatu ambaye padri hakumwandika. Wala usingoje mpaka umalize masomo. Mchwa hawangoji, na mzee wako mwenye umri wa miaka tisini hawezi kuahidi kwamba atakusubiri. Padri aliyeandika mstari ule wa Asumbi hakukujua, na pengine hakumjua vema hata mtoto aliyemmwagia maji. Aliandika kwa sababu aliamini kwamba jina la kila mtu lastahili kuwekwa. Ikiwa mgeni aliliona hilo, haifai mwenye nyumba alisahau.